Lile swali lako la Krismasi

Mwanangu,

Bwana Yesu asifiwe. Huku Machame hatujambo, mvua imeanza. Mama yako anauliza kama ule mkungu wa ndizi ulifika Arusha salama.

Krismasi, tukiwa mezani, ulisema unaacha uhasibu uwe mwinjilisti wa kuzunguka. Kisha ukaniuliza, "Baba, unanibariki?" Nikainuka nikaenda kuwakatia ng'ombe majani. Usiku ule, na majani yamejaa bandani! Uliona, ukanyamaza, na kesho yake ukapanda basi.

Tangu siku ile nasoma habari za Joseph Wolff, mmisionari wa kuzunguka wa zamani. Alizaliwa mwaka 1795 huko Bavaria, mtoto wa rabi. Akiwa na miaka saba hivi alikuwa akienda kwa jirani, kinyozi mzee wa Kilutheri (ndiyo, mwenzetu), akijigamba jinsi Masihi atakavyowainua Wayahudi. Mzee akamwambia akasome Isaya 53, ile sura ya mtumishi anayeteswa, ambayo sisi Wakristo tunaisoma kama habari za Yesu. Mtoto akasoma, akamuuliza baba yake nabii anamsema nani. Rabi hakumjibu. Wolff mwenyewe anasimulia kwamba baadaye alimsikia baba yake akimwambia mama yake, kwa uchungu, kuwa mtoto huyu hatabaki Myahudi.

Hapo nilifunga kitabu. Sisi Wakristo tukisimulia kisa hiki humruka yule rabi, tukakimbilia ubatizo wa Wolff kule Prague mwaka 1812. Mimi nimekaa naye wiki nzima. Hakuwa mtu mbaya. Aliona mwanawe anaondoka na hakuwa na neno la kumpa.

Kijana alikuwa mbishi, sikufichi. Alikwenda Roma kusomea umisionari, akabishana na wakubwa wake mpaka wakamfukuza mwaka 1818. Akaenda Uingereza, akawa Mwanglikana, na kuanzia 1821 hakutulia: Misri, Yerusalemu, Aleppo, Uajemi, akiwatafuta Wayahudi wenzake kila mji, na akiulizia yale makabila kumi ya Israeli yaliyopotea. Katika safari ya kwenda Kabul alinyang'anywa kila kitu. Anasema alitembea maili 600, karibu kilomita 960, bila nguo. Mwaka 1836, kule Habeshi (Ethiopia), alimkuta mmisionari Samuel Gobat akiwa mgonjwa sana, akamrudisha hadi Jeddah. Mwaka uliofuata alikuwa Marekani, anahubiri mbele ya Bunge lao. Na alitangaza kwamba Kristo angerudi mwaka 1847. Hilo usimwige.

Mimi nampendea safari yake ya Bukhara, mji wa Asia ya Kati. Maofisa wawili wa Kiingereza, Stoddart na Conolly, walikuwa wamefungwa na Amiri Nasrullah, mtawala wa huko, na kwao hakuna aliyejua kama wako hai. Mwaka 1843 Wolff, karibu miaka hamsini sasa, akajitolea kwenda kuwaulizia. Aliingia mjini amevaa joho lake la kikasisi, Biblia mkononi. Inasemekana Amiri alipomwona alishindwa kuzuia kicheko. Wale wawili walikwisha kuuawa tangu 1842, na yeye mwenyewe aliponea chupuchupu, kwa msaada wa balozi wa Uajemi. Kwa macho ya mhasibu, hiyo ni safari ya hasara tupu. Lakini ukiniuliza ni wapi uinjilisti wake ulikuwa mkubwa kuliko pote, nitakuonyesha hapo, si penye umati.

Halafu kuna mkewe, Lady Georgiana, aliyemuoa mwaka 1827. Mtoto wao Henry alizaliwa Malta mwaka 1830, na kabla hajajua kutembea baba yake alikuwa tayari njiani kwenda Asia ya Kati. Yule binti wa watu uliyemposa, umemuuliza? Maana hapa nyumbani hujalitaja jina lake hata mara moja unapozungumzia huduma.

Wolff aliishia kuwa kasisi wa kijiji, Isle Brewers, akafa mwaka 1862, na bado alikuwa anapanga safari nyingine. Nadhani nawe uko hivyo. Tangu ukiwa mdogo hukuwa wa kukaa.

Basi jibu langu, nililopaswa kukupa siku ile: nakubariki. Naogopa pia, na yote mawili uyapokee.

Pasaka uje, na uje naye. Majani ya ng'ombe nitakata asubuhi.

Baba yako