Msiikate MGB ya mzee kwa kilo

Ndugu Mhariri,

Mwezi uliopita niliitwa Mikindani kuangalia gari la marehemu mzee mmoja: MGB ya wazi, siti mbili, paa la turubai. Watoto wake wameshampata mnunuzi wa chuma chakavu. Naomba nafasi niwasihi wasubiri kwanza.

Mmoja wao alinionyesha RAV4 yake mpya, Toyota ya kisasa, akaniuliza kama lile kopo la baba yake naweza kulifananisha na hii. Kwa safari, sibishi. Kwenye mchanga MGB itakwangua tumbo na kukwama. RAV4 ina mifuko ya hewa, na breki zake hazigandishi matairi kwenye mvua. Familia yangu nikiipeleka Lindi, naipandisha gari la namna hiyo.

Ila gereji kwangu Chikongola nina vijana wanne wanaojifunza kazi. Gari la kisasa likiwasha taa ya injini wanachomeka mashine, inawatajia namba, wanaagiza sensa, kile kifaa cha kupima hali ya injini, Dar es Salaam. Injini yenyewe ilikuwa na nini, hawajui. Siku ile nilifungua boneti ya MGB nikawaita wote. Injini ya cc 1,798, silinda nne, kabureta mbili za kuchanganya petroli na hewa zimepangana upande mmoja, kila kitu unakiona na mkono unapita. Tulipiga msasa pointi, yaani swichi ndogo inayokata umeme ili plagi itoe moto, tukapima uwazi wake, tukaosha kabureta kwa petroli, tukaazima betri. Kijana mmoja ambaye kwa miezi minane hajawahi kuniuliza kitu, akauliza: "Fundi, kwa nini moto ukitoka plagi ya kwanza unaruka kwenda ya tatu?" Tulikaa chini ya mwembe tukachora silinda mchangani hadi alasiri. Jioni injini ikanguruma.

Kinachonitia hofu ni chumvi ya bahari. MGB haina fremu ya chini kama Land Rover za zamani. Bodi ndiyo inayobeba gari, hasa mihimili iliyo chini ya milango, na wa kushoto umeshaanza kuliwa na kutu. Magari haya yalitengenezwa Uingereza kuanzia 1962 hadi 1980, basi.

Wanangu, gari hilo halifiki hata tani moja, kwa hiyo bei ya kilo si kubwa. Mimi nitawapa zaidi ya hiyo, kwa awamu mbili, nikimalizia msimu wa korosho wateja wangu wakilipa. Msipotaka kuniuzia, lisogezeni chini ya paa, mbali na upepo wa bahari.

Fundi magari,
Chikongola, Mtwara