Barafu haitoi kasi

Mhariri,

Mwandishi wenu wa michezo, akisimulia hoki ya barafuni, alisema barafu "hukipa kasi" kile kisahani cheusi cha mpira. Nimefundisha fizikia miaka 31 hapa Mombasa, na sasa kazi yangu ni keram, ule mchezo wa kusukuma kete ubaoni, barazani kila baada ya alasiri. Niruhusu nimsahihishe.

Kasi hutoka kwenye gongo la mchezaji. Barafu inachofanya ni kutokinyang'anya kisahani kile kilichokwisha kupewa. Sisi kwenye keram hunyunyiza poda. Juzi poda ilituishia, na kete niliyozoea kuipeleka hadi tundu la kona ikafia katikati ya ubao, na mkono ni uleule. Kumbe miaka yote poda ilikuwa ikipunguza msuguano tu, sifa nikajipa mimi.

Wenye hoki nao wana poda yao. Kisahani chao, cha kama gramu 170, hugandishwa kabla ya mechi kisije kikadundadunda, na kati ya vipindi hupita gari linaloparura barafu na kumwaga maji ya moto ili yagande upya, laini. Hata hoki ya uwanjani, nyasi bandia hurowekwa maji mpira uteleze.

Ila utamu wenyewe mwandishi aliuruka. Msuguano ukipungua, hupungua pia ule wa kukusimamisha. Mjukuu wangu alinipeleka kwenye barafu ya Hoteli ya Panari, Nairobi. Nikamsukuma begani, mzaha tu. Yeye akaenda mbele, na mimi, mzee wa kilo 90, nikarudi kinyumenyume polepole mpaka ukutani, mikono ikipepea kama ya mtu anayezama. Sheria ya tatu ya Newton, kwamba ukisukuma nawe husukumwa kinyume kwa nguvu ileile, nimeiandika ubaoni mara ngapi sijui, lakini siku ile ndipo iliponishika kiunoni.

Kijana wa pale akanionyesha: geuza kiatu ubavu, yale makali ya chuma yaliyo chini yake yachimbe barafu. Chenga nyeupe za barafu zikaruka, akasimama papo hapo. Kwa mbele chuma huteleza, kwa ubavu huuma, na mchezaji ndiye huchagua lini ateleze, lini ashike. Kisahani hakina makali ya kuchagulia. Kimeshapigwa, hushika njia yake moja kwa moja mpaka kikutane na gongo jingine, ukuta au wavu.

Mwandishi wenu akipenda, apite barazani kwetu alasiri moja. Poda tumeshanunua.

Mwalimu mstaafu,
Majengo, Mombasa