Koku, kabla hujasaini

Tanga, Jumatano usiku

Shoga yangu Koku,

Salamu nyingi. Sisi huku hatujambo, watoto wazima, joto tu ndilo linatutesa. Mama Nasra anakusalimu, anasema kitenge chako anacho na hajakisahau.

Ujumbe wako wa sauti, kwamba mradi wa malaria umekukatishia mkataba na sasa benki inakupa kazi, nimeusikiliza nikaurudia. Nikataka kupiga, nikaona hapana, kwenye simu utanikatiza na nusu ya niliyotaka kusema itapotea. Kwa hiyo kaa chini usome, ni ndefu.

Kwanza pole sana. Kukatishiwa mkataba huku uchambuzi uko katikati kunauma, na kwenye sauti yako nimesikia kama unajiuliza ulikosea wapi. Hukukosea popote, Koku. Mshahara wako ulikuwa mstari mmoja kwenye bajeti ya chuo cha ng'ambo, na mwenye bajeti alipobanwa akaanza kukata mistari ya mbali. Bajeti ya namna hiyo niliiona kwa macho yangu tulipokuwa tunaandika ripoti ya kufunga mradi wetu. Kurasa za mwanzo zote zilikuwa za kwao: profesa, msaidizi wa profesa, safari, ada za wanafunzi wao. Sisi tulikuwa ukurasa wa mwisho, chini ya kichwa kimoja. Sampuli, dereva, mchambuzi wa data na dizeli ya jenereta, vyote vimejumlishwa pamoja. Mtu mwenye shahada ya uzamivu kwenye fungu moja na dizeli!

Ndiyo maana nasema jambo ninalotaka kukuambia ni hili: sasa omba fedha kwa jina lako. Nitalirudia mpaka unichoke.

Utaniambia huu si wakati, wafadhili wanafunga milango. Ni kweli wanafunga. Tarehe 1 Mei 2025 NIH, wale wafadhili wa utafiti wa afya wa serikali ya Marekani, walipotangaza kwamba hawatatoa ruzuku yenye fungu la taasisi ya nje ya Marekani ndani yake mpaka utaratibu mpya uwepo, kila tuliyemjua alishika kichwa. Lakini tangazo lile lilikuwa na upande wa pili ambao watu wengi hawakuusoma. Walisema taasisi ya nje itapewa ruzuku yake yenyewe, iliyounganishwa na ile kuu, badala ya kupokea kupitia chuo cha Marekani. Mimi hapo naona nafasi, kwa taasisi iliyojiandaa. Sasa nenda ofisi ya fedha ya taasisi yoyote ya huku uliza kama usajili wao wa SAM.gov, ule mfumo wa Marekani wa kusajili waombaji wa fedha za serikali yao, uko hai. Usipohuishwa kila mwaka unaisha, na ukiisha hupati ruzuku ya serikali ya Marekani hata andiko lako liwe zuri namna gani. Mara nyingi aliyekuwa na nywila alishahama kazi. Mambo madogo kama haya yanatunyima fedha kuliko uhaba wa akili, na yananiudhi sana.

Na lingine linaloniudhi ni asilimia 8. Kwa miaka mingi hicho ndicho kiwango NIH walichozipa taasisi za nje kwa gharama za uendeshaji, wakati vipo vyuo vya kwao vinavyopata zaidi ya asilimia 50. Kwa asilimia 8 utalipa umeme na mhasibu, basi. Huwezi kumwajiri mtu wa bayoinfomatiki, yaani mchambuzi wa vinasaba kwa kompyuta kama wewe, kwa kudumu, akatunza seva, akafundisha wanaokuja. Kwa hiyo tunaishi kwa mikataba ya mwaka mmoja mmoja, mradi ukifungwa mtu anaondoka na ujuzi wake. H3Africa, ule mpango wa utafiti wa vinasaba Afrika, ilifanya kazi kubwa kati ya 2012 na 2022, na mtandao wake wa bayoinfomatiki, H3ABioNet, kutoka Cape Town ulitufundisha wengi wetu. Waliofundishwa wakaajiriwe na nani? Swali hilo tulilijadili sana kule Duduville, kwenye kituo cha icipe Nairobi, na majibu yake ndiyo haya yamekupata.

Turudi kwako. Wellcome, mfuko wa hisani wa Uingereza, wana ruzuku inaitwa Early-Career Award. Inalipa mshahara wako pamoja na hadi pauni 400,000 za utafiti, kwa kawaida kwa miaka mitano. Taasisi mwenyeji inaweza kuwa hapa hapa Tanzania, huhitaji kuhamia Uingereza. Wanamtaka mtu aliyemaliza uzamivu karibuni na mwenye wazo lake mwenyewe. Wewe umo. Ushindani ni mkali, sikufichi, na wanaokosa ni wengi kuliko wanaopata. Ila andiko ukishaliandika ni lako. Likikataliwa hapo utalipeleka EDCTP, ule mpango wa Ulaya na Afrika wa utafiti wa tiba, utalikata vipande upeleke COSTECH, tume yetu ya sayansi na teknolojia, hulianzi upya.

Zile nafasi za utafiti za Marie Skłodowska-Curie za Ulaya nazo ni nzuri, zimemsaidia mwenzetu Baraka. Hawajali uraia, mradi usiwe umeishi nchi unayokwenda zaidi ya miezi 12 katika miaka mitatu iliyopita. Lakini wewe na mama yako anavyoumwa, na mtoto bado mdogo, sidhani kama moyo wako uko huko. Ukisema uko, nitakusaidia hilo pia.

Halafu una kitu ambacho mtu wa Ulaya hana, nacho ni Kagera. Badiliko la R561H kwenye jeni ya kelch13 ya kimelea cha malaria liliripotiwa Rwanda mwaka 2020, na baadaye likaonekana upande wetu, kwenu kabisa. Vimelea vyenye badiliko hilo vinachelewa kuisha mwilini mgonjwa akipewa dawa mseto yenye artemisinini, na dawa hiyo ndiyo tunayoitegemea kwa malaria nchi nzima. Nani atalifuatilia hili kwa miaka mitano mfululizo? Anayekuja wiki mbili na kuondoka na sampuli? Wewe unajua ni kituo gani bahasha za sampuli hukaa wiki nzima kwa sababu pikipiki imeharibika. Unajua kumuuliza mama wa Karagwe kwa lugha ya kwao kama alivuka mpaka mwezi uliopita, naye akakujibu ukweli. Na usiku huo huo unakaa kwenye kompyuta na faili la VCF, lenye orodha ya mabadiliko ya vinasaba, unasoma vinasaba vya kimelea kutoka kwenye damu yake. Sijui mwingine anayefanya yote hayo.

Bado nazikumbuka zile karatasi za chujio, kila moja na matone yake ya damu iliyokauka, namba zimeandikwa kwa wino ukachuruzika. Wote tulitaka kuzitupa. Ukakaa na madaftari ya kituo ukazipanga upya kwa kulinganisha miandiko ya wauguzi. Andika hilo kwenye andiko lako. Wasomaji wa maombi wanapenda kujua kama mwombaji ameshawahi kuona sampuli ikiharibika na akafanya nini.

Kuhusu benki. Kufanya kazi benki si aibu na sitakuhukumu, ada ya shule haisubiri mzunguko wa ruzuku. Ukiona lazima, saini. Lakini kabla ya kusaini soma kifungu cha kazi za nje, uombe waandike kwamba utafiti wako wa wikiendi unaruhusiwa. Huku ukiendelea kutafuta, usiandike "bayoinfomatiki" peke yake kwenye utafutaji. Kazi zetu zinatangazwa kwa majina mengine: meneja wa data, mtakwimu, ufuatiliaji wa vinasaba vya vimelea. Chungulia taasisi za utafiti wa afya: Ifakara, NIMR, Kilifi kwa KEMRI-Wellcome huko Kenya, na Makerere pale IDI, Uganda.

Na hili ni la kesho asubuhi, kabla ya chai: skripti zako, zile programu ndogo ulizoandika za kuchambua data. Akaunti ya seva wakiifunga, kazi yako ya miaka yote itabaki humo. Andika baruapepe kwa kiongozi wa mradi, omba ruhusa kwa maandishi ya kuchukua skripti, kisha uziweke GitHub, ile tovuti ya kuhifadhi programu, na maelezo mafupi ya jinsi ya kuziendesha. Data za wagonjwa ziache zilipo, kibali cha maadili ni cha mradi, si chako. Ukitaka kuonyesha skripti zinafanya kazi, pakua data za wazi za malaria kutoka ENA, hifadhi ya Ulaya ya data za vinasaba, uzipitishe humo. Hiyo itakusemea kuliko wasifu wa kurasa sita.

Mimi nitafanya sehemu ya takwimu, bila malipo mpaka fedha ije, na ikija uniweke kama mshirika. Nalitaka hili litokee, Koku. Nimechoka kuwaaga watu.

Sasa nijibu: benki wamekupa mpaka lini? Profesa wetu bado yuko Mwanza, na je, anaweza kukubali taasisi yake iwe mwenyeji? Barua ya mwenyeji ndiyo huchelewa kuliko vyote, kwa hiyo nani atamfuata, wewe au mimi? Chapisho lako la pili limefikia wapi? Mama presha yake inaendeleaje, dawa anapata hapo hapo Bukoba? Na yule kijana wa maabara aliyekuwa chini yako, naye wamemwacha?

Nitumie kurasa mbili za wazo lako hata kama hazijakaa sawa. Zikifika Ijumaa, Jumamosi nitazisoma zote na kukurudishia.

Wako,
Mwanaidi