Mapokezi tuliyoyapata Japani

Mhariri,

Naomba nafasi nieleze jinsi kikundi chetu cha ngoma, cha hapa Kadutu, Bukavu, kilivyopokelewa Japani. Huko Tokushima, ambako kila mwaka, Agosti 12 hadi 15, wenyeji hucheza ngoma yao ya Awa Odori barabarani, tulilazwa majumbani mwao. Mama mwenye nyumba aligeuza viatu tulivyovivua mlangoni, ncha zikaelekea nje, ili asubuhi tuvivae bila taabu. Kisha akatuonyesha kwamba mtu hujisugua kwanza pembeni, ndipo aingie katika maji ya moto ambayo familia nzima huyatumia. (Mimi nilikaribia kuingia na sabuni.) Usiku tulimfundisha kutikisa mabega, naye akatufundisha kuinua mikono, hata jirani akabisha hodi, si kulalamika, bali kucheza.

Mcheza ngoma,
Kadutu, Bukavu