Shoga, Jumamosi nahesabu mzigo

Shoga yangu mambo? Natumaini huko Tanga wazima, mama kifua kimepoa na mvua imewaachia walau muanike nguo. Huku sisi wazima ila mimi kichwa sio changu, usiku wa tatu huu silali, nikasema bora nikuandikie maana nikituma voisi ntalia.

Unamkumbuka yule mwenzetu wa Buguruni, jina silitaji maana hii simu mtoto anachezea. Ndo huyo aliyenipokea nilipokuja Dar 2021, miezi 7 tumelala godoro moja mimi yeye na mwanangu, mtoto akipandisha homa usiku yeye ndo anatoka kutafuta boda, na hii kazi ya duka la madera hapa Kariakoo yeye ndo alinisemea kwa bosi. Kwaiyo usinijibu harakaharaka "mseme tu", sikiliza kwanza.

Dukani kwetu cha juu sio siri. Bosi anasema dera nataka 12,000 yangu, ukiuza 14,000 hiyo ya juu kula, na mawinga ndo hivohivo, winga anakuletea mteja kamtoa huko barabarani kashamwambia 17,000, sisi tunanyamaza tunaangalia simu, mteja akiondoka winga anarudi kuchukua chake. Mimi nakula, huyo mwenzetu ninayeuza naye anakula, hakuna anayeita wizi. Sasa juzi Jumanne bosi kaenda kuswali adhuhuri, kaja mama mmoja wa Mtwara kachukua dazani 2, kufika kulipa kaingiza namba kwenye simu halafu kaganda, ananiuliza dada mbona limekuja jina la mtu, sio la duka? Nikaangalia pale kwenye kioo cha kaunta. Shoga, kile kikaratasi cha lipa namba kimegeuzwa, nyuma yake kuna kingine kimebandikwa kwa selotepu, namba nyingine kabisa, jina la kaka wa huyo mwenzetu. Na selotepu yenyewe imeshakuwa nyeusi pembeni, yani hiyo sio ya jana wala juzi. Mwenzetu akaja mbio akamwambia yule mama ndo yenyewe hiyo lipa tu, ya mdogo wake bosi, mama akalipa akaondoka na kwenye daftari hakuna dazani wala nini. Bosi anarudi na kibaraghashia chake, kikaratasi kishageuka.

Jioni nikamvuta pembeni nikamwambia mwenzangu hii sio cha juu hii. Akacheka, eti mbuzi anakula urefu wa kamba yake, akaninunulia na mishikaki. Nikaila. Ndo ujue mwenzio nilivyo.

Ningenyamaza, wallahi ningenyamaza. Ila bosi kaona hesabu haikai na macho yake yote yako kwa dogo wa stoo, yule wa Lindi anayebeba marobota, jana kamwambia mbele yetu wote mwisho wa mwezi mzigo ukipungua nakukata mshahara halafu urudi kwenu. Dogo kainama anafunga robota lake hajibu kitu. Na bibie kasimama palepale anakunja madera pindo kwa pindo, mkono hata hautetemeki. Hapo ndo roho iliponiuma, kuliko hata hiyo hela. Na anayehesabu mzigo Jumamosi ni mimi, bosi kanikabidhi daftari eti mi ndo mwaminifu.

Kuna na lingine nakwambia wewe tu. Mchezo wetu wa kuchangishana 10,000 kwa siku, kijumbe anayekusanya hela ni yeye, na zamu yangu kupokea ni tarehe 5, ile ndo kodi yangu ya miezi 6. Kuna sauti inaniambia pokea kwanza ndo useme. Nikiisikia najichukia, maana hapo ntakuwa sijamtetea dogo wala sijamlinda rafiki, nimelinda kodi.

Nimewaza nimpe mpaka Ijumaa, kikaratasi kitoke, alichochukua aanze kurudisha, na amwambie bosi kwa mdomo wake kwamba dogo hahusiki, aseme hata zile dazani alimkopesha winga. Ila akikataa je? Na bosi akija kujua mwakani kwamba nilijua, ntamtazama na jicho gani? (Bosi mwenyewe sio malaika, risiti za EFD, ile mashine ya TRA, anatoa akipenda, lakini hilo sio la dogo wa Lindi.)

Wewe ulikaa dukani pale Ngamiani miaka, haya unayajua. Ungekuwa mimi ungeanzia kwa nani, na ungesemaje, yani maneno yenyewe niandikie nikayaseme.

Usipige mchana tunakaa kaunta moja, nipigie baada ya saa 3 usiku nikiwa nishafika Mbagala. Mama mwambie khanga yake nimeipata, doti 1, nimeilipia kwa hela yangu duka la jirani na risiti ninayo.