Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Makumbusho: fungua kabati kabla bunduki haijachomelewa

Ndugu Mkurugenzi,

Pokea salaam zangu na heshima inayostahili cheo chako. Barua nilizokuandikia kwa njia ya kawaida zilipokelewa mapokezi, zikagongwa mhuri, na habari zake zikaishia hapo. Leo naandika hadharani kwa sababu jambo lenyewe halina tena muda wa kusubiri.

Wiki iliyopita nimeingia ghalani kwa kibali cha ofisi yako. Ile bunduki ya askari wa enzi ya Wajerumani, Mauser ya mwaka 1871, nimeikuta imepigwa msasa kitako kizima na kupakwa vanishi inayong'aa. Alama za taji zilizogongwa kwenye mti kiwandani, ambazo nilikuwa nimezionyesha kwa kidole kwa wafanyakazi wako, hazionekani tena. Nilipouliza nikajibiwa kwamba mkandarasi atarudi kuchomelea kipande cha nondo mahali pa bolti, kile chuma cha kuvuta kinachofunga nyuma ya mtutu, ili bunduki ionekane kamili chumba kipya cha maonyesho kitakapofunguliwa.

Ndugu Mkurugenzi, nakuomba uzuie kuchomelea huko. Vanishi inaweza kuondolewa kwa subira. Chuma kikishachomelewa hakirudi kuwa kilivyokuwa.

Labda hukuwahi kuelezwa kitu ulichonacho. Bunduki hii ilibuniwa na ndugu wawili wa Oberndorf, Paul na Wilhelm Mauser. Inapiga risasi moja moja, ya milimita 11, kwa baruti nyeusi. Haina hata kifaa cha kurusha ganda la risasi nje: askari alivuta bolti, akainamisha bunduki pembeni, ganda likadondoka. Ujerumani kwenyewe bunduki hii ilikuwa imeshaachwa, lakini vita ilipofika kwetu mwaka 1914 kombania nyingi za askari wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, bado zilikuwa na bunduki za aina hiyo. Kila aliyefyatua aliacha wingu la moshi juu ya kichwa chake, na adui akajua pa kulenga. Baada ya mapigano ya Tanga, Novemba ya mwaka huo, Waingereza waliporudi kwenye meli zao waliacha bunduki za kisasa, na baadhi ya kombania zikabadilishiwa silaha. Nyingine ziliendelea na moshi ule ule.

Watu wanapiga picha kila siku chini ya Sanamu ya Askari pale Dar es Salaam, iliyosimamishwa mwaka 1927. Ile bunduki ya sanamu ni shaba iliyomiminwa. Hii yako ilishikwa na mtu. Mti wake umelika pale mkono wa kushoto unaposhika, au niseme ulikuwa umelika, maana msasa umepita hapo pia.

Sasa nije kwenye vipande vilivyopotea. Mdeki, ule ufito wa kusafishia mtutu, haupo. Pete moja ya kushikia mtutu haipo. Bolti haipo, pamoja na washa yake kubwa, yaani pete bapa ya chuma, na skrubu inayoizuia isichomoke nyuma. Mdeki na pete sina neno navyo, huenda vilipotea porini kabla hata wewe na mimi hatujazaliwa. Bolti ni jambo lingine. Naamini haijapotea. Zamani makumbusho nyingi zilikuwa na desturi ya kutoa bolti za bunduki na kuzifungia mbali, ili silaha ikiibwa isifae kitu. Mzee mmoja aliyewahi kulinda jengo lako ameniambia kuwa kuna kabati la chuma katika chumba cha usalama, lenye vyuma vya bunduki ndani ya magunia, na kwamba ufunguo wake ulihamishwa pamoja na ofisa aliyehamishwa. Sina ushahidi zaidi ya huo. Lakini kwenye mtutu kuna namba, na Wajerumani walirudia namba hiyo, au tarakimu zake za mwisho, kwenye vipande vidogo vya bunduki. Kulifungua kabati hilo na kulinganisha namba ni kazi ya asubuhi moja.

Kijana wako mmoja alipendekeza itafutwe bolti ya Mauser ya baadaye. Nilimweleza kwa upole kwamba haitaingia. Mauser za baadaye zinajifunga kwa meno mawili mbele ya bolti; hii ya 1871 inajifunga kwa ubavu mmoja mnene ulio chini ya mkono wake. Ni mashine mbili tofauti zenye jina moja. Ikiwa ya asili haitapatikana kabisa, basi itengenezwe nakala ya maonyesho tu, isiyo na pini ya kupigia, igongwe alama inayosema ni nakala, na iweze kutolewa wakati wowote bila kuacha mkwaruzo. Hakuna anayetaka bunduki hii ipige tena.

Uliahidi mbele ya kamati, nami nilikuwepo, kwamba hakuna kifaa kitakachoguswa kabla ya kupigwa picha na kuandikiwa maelezo. Picha za kitako kabla ya msasa ziko wapi? Uliahidi kwamba kazi hii ingefanywa na mtu anayeijua. Nimejitolea kuifanya bure. Nimestaafu ufundi mitambo, macho yangu hayazidi kuwa mazuri, na nta na mafuta niliyonunua kwa fedha yangu yanakauka kwenye makopo. Nimeacha kazi za watu ili mikono yangu iwe huru siku utakayoniita. Babu yake baba yangu alikuwa mpagazi katika vita ile. Hakuacha picha wala kaburi linalojulikana. Vitu vya wakati wake ninavyoweza kuvigusa ni vichache mno, na kimoja kimeparuzwa nikiwa hai.

Kutu nyekundu ingetolewa kwa mafuta mepesi na kitambaa, ile ngozi nyeusi ya chuma ikaachwa kwa sababu inakilinda. Mti ungefutwa vumbi na kupakwa nta. Kazi yenyewe ni hiyo tu. Haihitaji mkandarasi, wala mashine ya kuchomelea.

Msimamishe mkandarasi, Ndugu Mkurugenzi. Muagize mwenye ufunguo, na kama ufunguo haupo aitwe fundi wa makufuli, kabati lifunguliwe mbele ya watu wako wawili watatu, na kila bolti isomwe namba yake. Ikikosekana nitakubali, na nitakuandikia hivyo hadharani kama nilivyoandika hii. Lakini isichomelewe kabla kabati halijafunguliwa.

Wako katika kazi ya kuhifadhi,

Fundi mstaafu