Nyota tatu za mjukuu wangu

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo gazetini mwako. Nilifundisha hisabati mpaka nikastaafu, na siku hizi alasiri zangu huishia barazani, kwenye bao. Juzi mjukuu wangu wa Gredi ya 5 alinijia na tableti anionyeshe mchezo wa nusu na robo waliopewa darasani. Amepata nyota 3 kati ya 3. Nikakaa nyuma yake nimtazame. Abonyeza jibu la kwanza. Likikataa, la pili. Likikataa, la tatu, mpaka mashine iridhike. Nikamuuliza, "Nusu ukijumlisha na robo wapata ngapi?" Akanijibu, "Babu, ni ile ya kijani."

Dadake hufikiri kwanza, vidole vikicheza pajani, kisha abonyeza mara moja tu. Yeye alipewa nyota 1, kwa kuchelewa.

Nasoma kwamba wako wataalamu wanaopima masomo kwa michezo kama hii wakitumia ramani fazi za fikra, yaani michoro ionyeshayo jambo moja laathiri jengine kwa kiasi gani. Si jambo la kubeza. Mtaalamu Lotfi Zadeh alituletea hesabu hiyo ya fazi, ya "kiasi fulani", mwaka 1965, na mhandisi Bart Kosko akaitia kwenye ramani za sababu na matokeo mwaka 1986. Unachora viduara: kuelewa, kubahatisha, kutulia, nyota. Unaviunganisha kwa mishale, kila mshale na uzito wake kati ya -1 na 1: hasi hupunguza, chanya huongeza. Kisha viduara vyasukumana raundi kwa raundi, na mara nyingi namba hutulia. Hapo huambiwi mtoto amepita au ameanguka, waambiwa ameelewa kiasi gani.

Lakini uzito wa mishale waandika nani? Aliyetengeneza mchezo wa wajukuu zangu ameamua kuchelewa ni kasoro. Kwetu barazani, mtu akiwa kwenye namua, ile hatua ya kwanza ya bao, kete mkononi, ayatazama mashimo yote 32 na hasemi neno, hatusemi hajui bao. Twaanza kuogopa.

Basi kabla ya tableti nyengine kushushwa gatini, wenye michezo hii wakae na walimu wa darasani wawaulize: mshale utokao kwenye kubahatisha kwenda kwenye kuelewa upewe ngapi? Mimi nausema -0.6. Mwenzangu, naye mwalimu mstaafu, asema -0.2 yatosha, kwani aliwahi kuona watoto wakianza kwa kubahatisha wakaifumbua kanuni wenyewe. Njia yenyewe yaruhusu namba za walimu wengi kutafutiwa wastani, kwa hivyo nikamwambia tuandike -0.4. Amekataa.

Mwalimu mstaafu,
Langoni, Lamu